Kura Iliyomwangukia Sista Ushahidi

Wifi yangu ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umejuaje. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe anajua. Siku moja nilikuwa najisifu mbele yake, maana mimi ni msusi, na saluni yangu ni kile chumba cha mbele cha nyumba yetu kinachotazama barabara. Nikamwambia, "Wifi, tangu nifungue hapa sijasikia mteja hata mmoja akilalamika." Yeye alikuwa anamenya viazi. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza, "Na wale ambao hawakurudi, umewauliza?"

Nilinuna mpaka jioni. Nani huyo anayekwenda kumtafuta mteja aliyemkimbia? Lakini neno lile lilinikaa kooni, na nilipokutana sokoni na dada mmoja aliyewahi kuwa mteja wangu, nikajikaza nikamuuliza. Akaniambia kwa upole kwamba navuta sana nywele za mbele, na kwamba akitoka kwangu alikuwa hawezi kufumba macho vizuri. Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa namlaani wifi.

Huyu wifi ni mke wa kaka yangu, na kaka yangu ni fundi friji. Tunaishi nyumba moja na Mama yetu, wao upande wa nyuma, Mama na mimi upande wa mbele. Wifi ni muuguzi, msimamizi wa kliniki ya vidonda katika hospitali yetu. Ni chumba kirefu chenye vitanda vyembamba, benchi la wagonjwa limeegemea ukuta, na harufu ya spiriti inayomfuata hadi mezani kwetu. Wenzake wamempa jina la Sista Ushahidi, kwa sababu kila anayeleta jambo jipya pale huulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Wengine humwita hivyo kwa mapenzi, wengine kwa kuchoka naye.

Hakuzaliwa hivyo. Alipoanza kazi alifundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, ngozi ya mgongo ikianza kubadilika rangi, asuguliwe pale pale kwa spiriti, tena kwa nguvu, ili damu itembee. Wifi alisugua. Ana mikono ya kazi, na alisifiwa kwa kusugua. Miaka ikapita, akaja kusoma kwamba kusugua mahali palipokwisha kuanza kuumia kunazidi kupaumiza. Mtu mwingine angelia. Yeye alikasirika. Akataka kujua nani aliyewafundisha vile, na huyo naye alifundishwa na nani, akauliza na kuuliza mpaka akafika mwisho wa njia asikute mtu. Kulikuwa na mazoea tu, kila mmoja amempokea mwenzake. Tangu siku hiyo hakubali kitu kwa sababu kimekuwepo, wala hakikubali kwa sababu ni kipya.

Ndipo akaanzisha kikao cha chai. Mara moja kwa wiki, wagonjwa wa asubuhi wakiisha, wauguzi wa kliniki wanafunga mlango, wanamimina chai, na kusoma utafiti mmoja. Hawasomi ili wakariri. Wanauhoji. Watafiti walimpima nani? Walimwacha nani nje? Walilinganisha kitu gani na kitu gani? Walioacha katikati ya njia walikwenda wapi? Na la mwisho, ambalo wifi hulipigia meza kwa kidole, wagonjwa wao wanafanana na wetu?

Mwanzoni kikao kilikuwa vurugu tupu, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyeipenda dawa fulani aliuona utafiti wake hauna doa. Asiyeipenda aliona madoa hata kwenye majina ya watafiti. Basi wifi akatunga sheria. Vikaratasi vinakunjwa, vinawekwa kwenye bakuli la chuma la kliniki, na kila mtu anachota. Kimoja kimeandikwa Mtetezi, kingine Mchokozi, vilivyobaki ni vitupu. Anayepata Mtetezi ataitafuta kila nguvu ya utafiti ule na kuusimamia, apende asipende. Anayepata Mchokozi ataitafuta kila tundu. Wengine wanaamua. Wifi aliipenda sana sheria yake hiyo. Mimi niliipenda siku ilipomuuma.

Sasa nije kwa Mama. Mama ana kisukari cha siku nyingi na nyayo zake zimekufa ganzi. Siku moja kizibo cha soda kiliingia ndani ya ndala yake, akatembea nacho hadi sokoni na kurudi, akapika, akala, akasinzia kidogo, na hakujua chochote mpaka alipoona damu sakafuni akauliza nani kajikata. Kidonda kikawa chini ya kidole gumba, kidogo, cha duara, kilichozama ndani kuliko kilivyoonekana.

Wifi alikivalia njuga kidonda kile. Alikisafisha, akakifunga, akamletea Mama kiatu maalumu chenye soli nene, kimechongwa ili uzito wa mwili usikae juu ya kidonda. Akampa kwa mikono miwili. Akamwambia, "Mama, usikanyage chini bila hiki, hata ukienda kuchungulia dirishani." Mama akakipokea akasema, "Asante mkwe wangu, Mungu akuzidishie."

Kidonda kikagoma. Wiki hii kinajikunja tunafurahi, wiki ijayo kimefumuka. Wifi akabadilisha dawa za kufungia, akapima sukari mpaka Mama akawa anamkimbia, hola. Mwishowe wakamwita daktari wa upasuaji. Ni mtu mpole wa miwani, anayeongea na mguu badala ya mwenye mguu. Akauambia mguu wa Mama kwamba atausubiri miezi miwili. Kidonda kisipofunga, au kikifika kwenye mfupa, atakata kidole, na huenda kidole kisitoshe. Mama aliitikia kwa kichwa kana kwamba anaambiwa bei ya vitunguu. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Daktari huyo huyo ndiye aliyeleta utafiti. Ulihusu buti la plasta. Mgonjwa mwenye kidonda cha unyayo anajengewa mguuni buti gumu, kama la mtu aliyevunjika mfupa, analitembelea, na halivui mpaka muuguzi alikate kwa msumeno na kujenga jingine. Daktari akasema, "Usomeni kwenye chai yenu, mniambie. Mkikubali tuanze, mama mkwe wako atakuwa wa kwanza."

Wifi alikataa kabla hata chai haijachemka. Alifika nyumbani akatuambia hilo jambo halifai kwa Mama, akaingia jikoni. Nikamfuata. Nikamwambia, "Wifi, kuna kitu cha kumponya Mama na wewe unakikataa?"

"Nani kasema kitamponya? Mguu hauhisi, unaufungia ndani ya jiwe. Ukichubuka humo ndani nani atajua? Tutafungua tukute balaa."

"Huo utafiti wenyewe unasemaje?"

"Una mapungufu," akasema, akaanza kuyataja huku anakatakata kabichi. Hospitali ile ni kubwa kuliko yetu. Wagonjwa wale ni vijana kuliko Mama. Waliojenga yale mabuti ni mabingwa, sisi tunajifunza. Kila pungufu na pande la kabichi. Mimi si msomi wa uuguzi, lakini nimeishi naye muda wa kutosha kujua anavyohoji jambo analotaka kulijua, na hivi sivyo. Alikuwa anapiga, hahoji.

Hasira zikanipanda, nikasema neno ambalo lisingetoka kama nisingekuwa naogopa. "Angekuwa mama yako mzazi ungejaribu."

Akaweka kisu chini. Hakukasirika, na hilo likaniumiza zaidi. Akasema, "Angekuwa mama yangu mzazi, na mambo yakaharibika, hakuna ambaye angesema mkwe ndiye aliyemkata mguu." Kisha akaendelea na kabichi.

Siku ya kuchota kura ikafika, juma moja kabla ya kikao chenyewe ili watu wapate muda wa kusoma. Wifi akaingiza mkono kwenye bakuli, akakunjua kikaratasi, na wenzake wanasema alikitazama kwa muda kama mtu anayetafuta maandishi upande wa pili. Mtetezi. Msimamizi aliyekwisha kulikataa buti ndiye atakayelitetea. Akauliza kama inaruhusiwa kubadilishana. Chumba kizima kikacheka, kwa sababu katazo la kubadilishana alilitunga yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alikuja saluni alasiri yake ya mapumziko, karatasi kwapani, uso umekunjamana. Akasema, "Nisuke, na wakati unasuka nikuhubirie. Kama wewe utanielewa, watanielewa." Nikamkalisha, nikachukua chanuo, nikaanza mistari kutoka mbele, safari hii bila kuvuta sana.

"Walichukua watu wenye vidonda kama cha Mama," akaanza. "Wakapiga kura. Hawa wakapewa buti lisilovulika, hawa kiatu cha kuvua, kama kile tulichompa Mama."

"Kura ya nini tena? Si wangewapa buti wanaolitaka?"

"Wanaolitaka ndio wale wanaojitunza tayari. Hao wangepona hata kwa ndala. Halafu buti ndilo lingesifiwa."

Nikaona ni kweli. Wateja wangu wanaonunua mafuta ya bei ni wale wale wanaofunga kitambaa wakilala. "Haya, ikawaje?"

"Wenye mabuti walipona wengi zaidi, na mapema zaidi. Hapo ndipo sikuwaamini. Buti linaondoa uzito kwenye kidonda, kiatu nacho kinaondoa uzito kwenye kidonda. Tofauti kubwa hivyo itoke wapi? Nikasema hawa wamepika." Akafunua ukurasa. "Lakini ona hapa. Ndani ya viatu vya kuvua walificha kidude cha kuhesabu hatua. Wagonjwa walisema wanavivaa kutwa nzima. Kidude kikasema vingine. Walikuwa wanavivaa wakija kliniki. Nyumbani, hapana."

Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyemkamata mwenzake. "Basi tatizo ni wagonjwa wao, hawafuati maelekezo. Wetu wanafuata. Mama haachi kiatu chake. Kwa hiyo utafiti huu kwetu hauna..."

"Wifi, si wewe ni Mtetezi?"

"Najua, nasema tu. Mama anakivaa siku zote."

Na mimi, mdomo wangu huu, nikacheka. "Anakivaa, ndiyo. Akisikia geti linalia."

Kichwa kiligeuka kwa ghafla hata msuko ukanitoka vidoleni. "Unasemaje?"

"Nasema anakivaa ukiwa unaingia. Ukitoka anakisukuma chini ya kiti, anavaa ndala zake. Kwani hujui?" Nilidhani anajua, naapa. Kaka yangu anajua. Jirani anajua. Hata paka anajua, maana mchana hulala ndani ya kile kiatu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? Wewe ni mkwe wake. Umemletea kitu kwa mikono yako miwili, na umehangaika naye kuliko sisi tuliotoka tumboni mwake. Akuambie hakitaki?"

Wifi akazikunja zile karatasi mapajani. Nilibaki na chanuo hewani. Kisha akasema polepole, kama anayejisomea, "Kliniki nawauliza wote. Unakivaa kiatu? Wananiambia ndiyo, sista. Na mimi naandika ndiyo."

Akasimama na kichwa chake nusu kimesukwa nusu kimesimama, akaingia ndani. Mama alikuwa nyuma anaanua nguo. Wifi akainama, akachungulia chini ya kiti. Paka akamtazama kutoka ndani ya kiatu, akafumba macho tena. Wifi hakumwita Mama. Hakuhoji, hakugomba. Alirudi akakaa, akasema, "Malizia. Kesho natetea." Sauti yake ilikuwa imebadilika, na sikuona kama ni huzuni. Miezi yote ile alikuwa anajiuliza kidonda kinataka nini ambacho hajakipa, anajiona ameshindwa kazi yake mbele ya wakwe. Kumbe kidonda hakikuwa kimepewa hata kile cha kwanza.

Ya kikaoni niliyapata kwa muuguzi mwenzake tunayemwita Bandeji, mwanaume mnene mwenye vidole vyepesi, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa Mchokozi. Alipita saluni kuninong'oneza, ingawa Bandeji akinong'ona wanasikia hadi ng'ambo ya barabara. Anasema wifi alisimama, akasema, "Jamani, kabla sijatetea niwaambie kwa nini nilikuwa nimeshakataa. Niliogopa lawama. Buti likimdhuru mama mkwe wangu, nitalaumiwa mimi. Akikatwa mguu nikiwa sijafanya kitu, atalaumiwa kisukari. Mapungufu niliyoyaona ni ya kweli, lakini niliyatafuta kwa sababu ya hofu, na kama utafiti ungesema ninachotaka nisingeyatafuta."

Kisha akatetea. Akaeleza kura, akaeleza kidude cha kuhesabu hatua, akawauliza wenzake ni wangapi kati yao wana uhakika kwamba wagonjwa wao wanavivaa vile viatu nyumbani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akawaambia habari ya paka. Bandeji anasema hapo hata waliokuja kulala waliamka.

Lakini Bandeji naye hakuwa amekuja kunywa chai tu. Kazi ya Mchokozi aliifanya. Akauliza walioachwa nje ya utafiti ni akina nani. Wakasoma pamoja, wakakuta kwamba watu ambao damu haifiki vizuri miguuni hawakuingizwa, wala wenye mfupa uliokwisha kuoza. "Kwa hao utafiti haukusema kitu," Bandeji akasema, "na sisi tusiusemee." Wakakubaliana hivi. Buti lianze, ila kila mgonjwa apimwe kwanza damu ya mguu na apigwe picha ya mfupa, na buti la kwanza lifunguliwe mapema ili ngozi itazamwe. "Nilimpiga hoja msimamizi wangu," Bandeji akaniambia kwa fahari, "na yeye akawa anatabasamu."

Mimi sikutabasamu. Nilichosikia ni kwamba Mama anaweza kupimwa, damu ikutwe haifiki, na buti tulilogombania lisiwe lake. Basi tungebaki na msumeno wa daktari tu. Siku ya kipimo nilifunga saluni nikaenda naye, nikambebea mkoba.

Mama alilazwa kwenye kile kitanda chembamba. Picha ya mfupa ilikuwa tayari, mfupa ni mzima. Ikabaki damu. Kifaa chake ni kama kalamu nene iliyounganishwa na spika ndogo. Wifi alikitoa kwenye boksi, akakitazama, akampa Bandeji. Nikamuuliza kwa nini asipime mwenyewe. Akasema, "Sikio langu litasikia linachotaka kusikia." Akaenda kusimama karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani.

Bandeji akapaka mafuta mazito kifundoni mwa Mama, akaigusisha ile kalamu. Spika ikakwaruza. Akaisogeza. Ikakwaruza tena. Nilikuwa nimeushika mkoba wa Mama kama nitaporwa. Akaisogeza kidogo zaidi, na hapo sauti ikaja yenyewe, nzito, ya mpigo, shuu, shuu, shuu, imejaa chumba kizima.

"Hiyo nini?" Mama akauliza.

"Damu yako, Mama," Bandeji akasema.

"Ina kelele hivyo?"

Akapima na vidole vyenyewe, akaandika, akalinganisha, akamwita wifi aje aone. Damu inafika. Wifi aliangalia, akaangalia tena, kisha akaegemea mlango akashusha pumzi ndefu, na nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ya kabichi. Mimi nililia bila haya. Mama akaniambia niache kumwaibisha mbele za watu.

Buti likajengwa siku ile ile. Mama alilichukia toka moyoni, akalipa jina la Afande, kwa kuwa halimruhusu kwenda popote na halibembelezeki. "Mmenifunga mimi kama mbuzi," aliniambia tulipofika nyumbani. Lakini wifi alipoingia na kumuuliza anajisikiaje, akasema, "Vizuri tu, mkwe wangu. Mungu akuzidishie." Ikawa hivyo kila siku. Kwangu Afande anawasha, Afande ana joto, Afande kavunja kikombe. Kwa mkwe, Afande ni baraka. Wifi akaacha kumuuliza Mama, akawa ananiuliza mimi.

Kila wiki buti lilikatwa, kidonda kikatazamwa, likajengwa jingine. Na kila wiki kidonda kilikuwa kimepungua, hakirudi nyuma. Mgonjwa mmoja, mzee fundi saa aliyekuwa wa pili baada ya Mama, alikutwa amechubuka kisigino buti la kwanza lilipofunguliwa, wakamsimamishia wakampa njia nyingine. Daktari alipotaka taarifa, wifi alianza na huyo. Kwanza aliyeshindikana, ndipo waliofanikiwa. Nilimwambia anaharibu habari nzuri, akaniuliza kama nimesahau wateja wangu wa zamani.

Halafu ikaja siku ambayo msumeno ulipita, buti likafunguka, Bandeji akaosha unyayo wa Mama kwa maji ya vuguvugu, na chini ya kidole gumba hapakuwa na shimo. Kulikuwa na ngozi mpya, nyembamba, imefunga. Bandeji akabonyeza taratibu. Kavu. Wakamwita daktari wa upasuaji. Akauangalia mguu kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, na kwa mara ya kwanza akainua macho akamtazama Mama usoni. "Mama, hapa mimi sina kazi," akasema. Nilimpigia kaka simu nikiwa ukumbini. Nikasikia tu anapenga kamasi, kisha anamfokea mtu kwamba friji halibebwi hivyo.

Sisi sote tulitaka tuishie hapo, tukapike tule. Wifi hakutaka. "Utafiti uliishia kidonda kilipofunga," akasema. "Baada ya hapo walikwenda nyumbani, na hakuna aliyewafuata kuona. Ngozi hii ni nyembamba. Akirudi kwenye ndala, tutarudi kwenye kitanda kile." Akamleta fundi viatu wa hospitali nyumbani, pale saluni kwangu, na kiatu kipya alichokishona kwa vipimo vya Mama. Kilikuwa cheusi, kipana, kina mkanda wa kubandika.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Akakivaa, akasimama, akapiga hatua hadi kwenye kioo na kurudi. Akakitazama kiatu, akamtazama mkwe wake. "Kizuri, mkwe wangu. Mungu akuzidishie."

Nikaona mabega ya wifi yanashuka. Maneno yalikuwa yale yale, na sote wawili tulijua mwisho wake. Akachuchumaa mbele ya kile kiti, uso wake ukawa chini ya uso wa Mama. "Mama," akasema, "wewe unaniambia kizuri kwa sababu nimekileta mimi. Nashukuru. Lakini mimi niko kazini kutwa, mguu unabaki na wewe. Nijibu kama unavyomjibu huyu binti yako. Kiatu hiki ungekivaa kwenda wapi?"

Mama akanitazama mimi nimsaidie. Nikageukia kioo, nikajifanya nasafisha chanuo. Fundi viatu akakohoa. Ndani ya kioo nilimwona Mama akiufungua mdomo, akiufunga, akimtazama mkwe wake aliyechuchumaa pale na sare ya kazi bado mwilini.

"Nikuambie ukweli, mwanangu?"

"Niambie, Mama."

"Hiki hata chooni sikivai."

Wifi akakaa chini, palepale sakafuni kati ya nywele za wateja wangu, akaushika ule mguu mzima kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yanamtoka. "Haya, Mama," akasema, "niambie na mengine yote." Mama akaanza na rangi, akaja kwenye mkanda, akahamia kisigino, na fundi viatu ikabidi aombe kiti.